Kidole Tumbo cha Kushoto

Mama alikuwa akishona utumbo mwembamba. Pini nne zilikuwa zimebanwa katikati ya midomo yake, na kitambaa cha pazia kuukuu, cha rangi ya waridi iliyopauka, kilikuwa kikiingia chini ya sindano kikiwa bapa na kutoka upande wa pili kikiwa mrija. Nilikuwa nimemwambia kwamba kwa mtu mzima utumbo ule hufika mita sita. Alisimamisha cherehani, akazitoa pini mdomoni moja moja, akachukua futi kamba yake na kuanza kuipima sakafu kutoka mlangoni. Alipofika kwenye kabati alikuwa hajamaliza hata mita nne.

"Na mtu huyo anatembea?" aliniuliza.

Nilimwambia anatembea, anapanda ngazi, na akitaka anacheza mpira. Mama alicheka mpaka akakaa juu ya lundo la mabaki ya vitambaa. Mwishowe tulikubaliana juu ya mita tatu, kwa sababu pazia lenyewe liliishia hapo. Hiyo ndiyo sura yake inayonijia kwanza kila ninapoikumbuka miezi ile, na nadhani inakuja kwanza kwa sababu siku hiyo tulikuwa bado hatujamdhuru mtu.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi. Chuoni nilisomea historia, na historia nilikuwa naiweza. Mwalimu wa sayansi alipohamishwa, mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanikabidhi kitabu kimoja kilichokwisha kung'oka jalada, akaniambia kwamba mtu aliyeweza kukariri tarehe za vita vyote vile hawezi kushindwa na figo mbili. Sikubisha. Nilikuwa kijana, na kijana ukimsifu hata kwa utani kichwa kinamvimba. Kuanzia siku hiyo niliishi ukurasa mmoja mbele ya wanafunzi wangu, na siku nyingine nusu ukurasa.

Sura ya kwanza ya kitabu ilihusu mpangilio wa mwili. Seli zikikusanyika hufanya tishu, tishu hufanya ogani, ogani hufanya mfumo, na mifumo yote ikisikilizana, mtu huwa mzima. Nilimsomea mama sentensi hiyo huku akitia uzi kwenye sindano. Akasema mbona hilo hata yeye analijua: uzi hufanya kitambaa, kitambaa hufanya mkono na kola, mkono na kola hufanya gauni, na mahali pamoja pakivuta, gauni zima linakaa vibaya. Nimefundisha sayansi miaka ishirini na sita sasa na sijapata maelezo yanayoyashinda hayo.

Shule ilikuwa na picha moja tu ya mwili, ya karatasi, iliyotobolewa na vidole vya wanafunzi wa miaka na miaka. Watoto hamsini na wawili hawawezi kuiona picha moja kwa pamoja. Ndipo nikapata wazo la aproni. Ningeivaa mwenyewe, viungo vyote vikiwa vya kitambaa, vimeshikizwa juu yake kwa vifungo vya kubonyeza, na mtoto angekuja mbele, akabandua ini, akalishika mkononi, kisha akalirudisha mahali pake.

Mama alilipenda wazo hilo kuliko mimi niliyelileta. Yeye shule aliiacha mapema, na tangu nihitimu alikuwa ameacha kuniita kwa jina langu. Mbele ya wateja, na hata tukiwa wawili tu jikoni, niliitwa Mwalimu. Sasa Mwalimu alikuwa amekuja kuomba msaada wa fundi, na fundi hakulala kwa furaha. Ini alilikata kwenye mahameli nyekundu iliyobaki baada ya kuvalisha makochi ya mtu. Mapafu yalikuwa bitana ya koti iliyojazwa sponji. Figo alizitengeneza kwa jozi ya pedi za mabega, na moyo ulikuwa kimto chake cha zamani cha kuchomekea pini, kilichopewa kazi mpya uzeeni. Kwa kidole tumbo, ule mkia mdogo unaoning'inia mwanzo wa utumbo mpana, alikata kidole cha mwisho cha glovu ya sufu iliyopotelewa na mwenzake. Alikijaza pamba, akakiinua mbele ya uso wake, akauliza kazi yake ni nini mwilini. Kitabu changu kilisema hakina kazi inayojulikana sana, ila kikivimba kinaweza kuua. Akasema hata kwenye ukoo watu wa namna hiyo wapo.

Picha ya shule niliitundika ukutani katika chumba chake cha kushonea, kando ya kioo kirefu cha wateja. Jioni moja niliitandaza aproni mezani, nikawa naitazama picha na kuchomeka pini, kiungo kimoja baada ya kingine, ini upande ule lilipo ini, kidole tumbo chini kabisa upande huohuo. Nikamwachia mama aviwekee vifungo.

Baada ya siku mbili ilikuwa tayari. Niliivaa, nikasimama mbele ya kioo, nikaitazama picha iliyokuwa kandoni. Ini na ini, moyo na moyo, vilifanana kama pacha. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, amekunja mikono, na usoni alikuwa na tabasamu la mtu anayejua jambo zuri na ameamua kutolisema.

"Imekaa, Mwalimu?"

"Imekaa, mama."

Darasani aproni ile ilipokelewa kama mgeni wa heshima. Mwalimu mkuu alisikia kelele akaja, akaketi nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Watoto walikuja mbele mmoja mmoja. Walivuta utumbo wangu mpaka mlangoni, wakacheka, wakaurudisha. Niliona nimezaliwa kufundisha sayansi, na ile historia ilikuwa kupotea njia tu.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Swali. Jina lake la kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa jingine, lakini hata mimi ilinibidi kulisoma ndipo nilikumbuke. Aliuliza maswali kama wengine wanavyopiga chafya, bila kujizuia na bila ubaya wowote. Aliishi na bibi yake, dobi aliyefua mashuka ya nyumba ya wageni, na alikuja shuleni na sare iliyopigwa pasi kuliko ya mwalimu yeyote.

Niliwaambia watoto waweke kiganja kifuani, katikati, wakiegemeza kidogo upande ulikoegemea moyo wa aproni. Upande huo ulikuwa wa kulia kwangu. Mimi mwenyewe tangu utotoni nilijua moyo uko kushoto, kama kila mtu ajuavyo. Lakini kitabu kilisema uko katikati ya kifua, umeinama kidogo, na kioo na picha vilikuwa vimekubaliana mbele ya macho yangu. Nilijiambia kwamba hayo ya kushoto ni maneno ya mitaani.

Swali aliinua mkono wake mwingine. "Mwalimu, mimi wangu unadunda kushoto."

Kule nyuma mwalimu mkuu aliinua kichwa. Nilihisi masikio yakiwaka moto, na nilitafuta jibu kwenye ukurasa ambao nilikuwa sijaufikia.

"Basi wako umehama bila kuaga," nikasema.

Walicheka wote, na mwalimu mkuu alicheka kuliko watoto. Swali naye alicheka, akichelewa kidogo, kisha akakishusha kiganja chake kutoka kifuani. Nimelifikiria jibu hilo kuliko neno lolote nililowahi kulitamka. Mtoto alikuwa na ushahidi chini ya mkono wake, unadunda, na mimi nilikuwa na utani tu.

Nikaendelea na somo. Niliwafundisha jinsi mtu anavyobaki na afya, maji safi, usingizi wa kutosha, kunawa mikono, na dalili ambazo mtu hapaswi kuzipuuza. Nilifika kwenye kidole tumbo. Niliwaambia kwamba maumivu makali ya chini ya tumbo upande huu yakija pamoja na kutapika, mtu asingoje hata siku moja, aende hospitali. Niliposema upande huu nilijibonyeza kushoto. Wote wakajibonyeza kushoto. Swali aliandika maneno yote kwenye daftari lake na kuyapigia mstari kwa rula.

Wiki saba baadaye hakuja shule siku ya Jumanne. Jumatano pia hakuja. Alhamisi baada ya vipindi nilikwenda kumwona, kwa sababu mtoto yule hata mafua hayakuwa yakimzuia kuja kuuliza mafua yanatoka wapi.

Nilimkuta amejikunja kitandani, magoti yamegusa kifua, midomo imekauka. Bibi yake alinisimulia huku akikanda kitambaa kwenye beseni la maji. Maumivu yalianza Jumatatu jioni kwenye kitovu, yakateremka upande wa kulia. Jumanne alitapika kutwa. Bibi alitaka kumpeleka hospitali siku hiyohiyo, maana jirani mmoja alimwambia huenda ni kidole tumbo. Ila Swali alimtoa wasiwasi. Alimwonyesha daftari. Alimweleza kwamba kidole tumbo kiko kushoto, na yeye anaumwa kulia, kwa hiyo ni tumbo tu la kawaida, litapita. Bibi hakujua kusoma, na alikuwa na mjukuu anayejua, basi akamwamini. Jumatano jioni maumivu yakakatika ghafla. Walishukuru wote wawili. Leo asubuhi ndipo tumbo limekuwa gumu kama ubao na homa imepanda.

Nilimsikiliza mpaka mwisho na bado sikuelewa nilichosikia. Nilijua tu kwamba mtoto anazidiwa. Nilitoka mbio kuomba gari la jirani, tukambeba, bibi yake akiwa mbele na mimi nyuma nimempakata kichwa.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini. Aliweka vidole vyake chini ya tumbo la Swali, upande wa kulia, akabonyeza polepole, kisha akaviondoa ghafla. Swali alipiga ukelele ambao bado nausikia. Daktari alimgeukia nesi akasema ni kidole tumbo, na kimekwisha kupasuka, waandae chumba cha upasuaji.

"Hakiwezi kuwa hicho, daktari," alisema Swali, akihema. "Chenyewe kiko kushoto. Tumefundishwa."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kwa adabu, kama mtoto anayemkumbusha mtu mzima jambo alilolisahau kwa bahati mbaya. Daktari alimpapasa paji la uso, akamwambia kwa watu karibu wote kiko kulia, akatoka kwa haraka. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nimeshika viatu vyake.

Walipomwingiza ndani nilikaa kwenye benchi ya korido na bibi yake mpaka walipotuambia ametoka salama, kwa sasa. Neno hilo la mwisho lilinifuata njia nzima nikirudi nyumbani. Nilichukua aproni, nikaivaa, nikasimama mbele ya kioo. Ini na ini, moyo na moyo. Kisha nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya wiki saba nyuma. Niliivua, nikamvalisha mama, nikamwomba asimame kando ya picha akinitazama. Moyo wa picha ulikuwa upande mmoja na wa mama ulikuwa upande mwingine.

Kama huelewi, simama mbele ya kioo uinue mkono wa kulia. Mtu wa kwenye kioo naye atainua mkono ulio upande huohuo wa kulia. Halafu asimame mtu wa kweli, akutazame, umwambie ainue wa kulia. Utainuka upande wako wa kushoto. Picha ya ukutani ni sawa na mtu huyo wa kweli, na kulia kwake ni kushoto kwako wewe unayemtazama. Kioo hakiko hivyo. Aproni sahihi ikivaliwa mbele ya kioo, lazima iwe kinyume cha picha. Yangu ilifanana nayo kama pacha, na mimi nikafurahi.

Lakini mezani nilikuwa nimevichomeka sawasawa, nilikumbuka vizuri. Nikamuuliza mama, kwa sauti ya kawaida, kama aliibadilisha.

"Ulikuwa umevigeuza vyote," alisema, akijifungua kamba za aproni. "Niliivaa nikajitazama, nikaona haviendani na picha yako. Nikavihamisha. Sikukwambia, maana ungejiona mjinga bure kwa jambo dogo."

Maisha yake yote mama hakuiamini nguo iliyolala mezani. Aliiamini iliyovaliwa mbele ya kioo, na kwa magauni na suruali hakuwahi kukosea. Mkono wa kushoto na wa kulia wa blauzi hulingana, na kola haina upande. Hakukuwa na sababu yoyote ya yeye kujua kwamba ndani ya mtu mambo hayako hivyo. Sababu ya kujua nilikuwa nayo mimi.

Ningeweza kumwambia palepale. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijieleza kwamba ilikuwa kwa ajili ya presha yake. Daktari wake alikuwa amemwonya asipate mishtuko, na alimeza vidonge viwili kila asubuhi. Hayo ni kweli. Lakini hata asingekuwa na presha nisingesema. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa kubwa kuliko huruma yangu kwa yeyote, pamoja na yule mtoto. Nilimwambia mama watoto wameichakaza aproni, nikavibandua viungo vyote, nikaitoa na picha ukutani nikairudisha shuleni.

Swali alikaa wodini wiki tano. Walimrudisha chumba cha upasuaji mara ya pili kumsafisha, kwa sababu usaha ulikuwa umesambaa, na kwa siku nne hakuna aliyethubutu kutuambia atapona. Nilikwenda kila alasiri. Bibi yake alikuwa akinishika mikono miwili na kunishukuru mbele ya wagonjwa wengine. Ningechelewa siku moja tu, alikuwa akisema, leo asingekuwa na mjukuu. Aliwaambia manesi kwamba mimi ndiye mwalimu aliyemwokoa. Nilizipokea shukrani hizo nikitazama sakafu, na watu walidhani ni unyenyekevu.

Shuleni nilimwambia mwalimu mkuu ukweli, karibu wote. Alifunga mlango, akafikiri, akasema mtoto anaendelea vizuri na kulizungumza hilo sasa ni kuwatia wazazi hofu. Nilikubali haraka mno. Kesho yake niliwaambia watoto kwamba tutafanya marekebisho madogo kwenye mchoro wetu, ubavu huu uwe ule. Watoto hamsini na mmoja walichukua vifutio wakafuta. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wa kuuliza alikuwa wodini.

Na wodini napo hakuuliza. Hilo lilinitisha kuliko mrija uliokuwa ukitoka ubavuni mwake. Nilimletea kitabu, akasoma. Nilimletea habari za darasa, akasikiliza. Alasiri moja, bibi yake akiwa ameteremka kuchota maji, Swali alitoa mkono chini ya shuka na kuuweka kifuani, upande wa kushoto. Aliuacha hapo kwa muda, akinitazama. Nilijua ananingoja, na nilijua ananingojea nini. Nilisimama, nikasema jua linampiga machoni, nikaenda kuvuta pazia.

Mama alifariki miaka kumi na minne iliyopita, kwa kiharusi, akiwa ameketi kwenye cherehani. Swali na bibi yake walihama mwaka uliofuata ugonjwa ule, wakaenda kuishi na mjomba wake katika mji mwingine. Nimesikia kwa watu kwamba yuko vizuri na ana watoto. Sijawahi kuomba anwani yake. Siku hizi mwanafunzi akiniambia mwili wake unafanya jambo ambalo kitabu hakisemi, ninasimamisha somo, ninafunga kitabu, na ninamwomba anieleze tena, taratibu. Walimu wenzangu wanasema nina subira. Sina. Nina deni ambalo ninalilipa kwa watu wasiolidai.

Lakini kabla hawajahama kulikuwa na alasiri moja, mwezi mmoja hivi baada ya Swali kuruhusiwa kutoka hospitali.

Sketi ya sare ilikuwa na mkanda kiunoni, na mkanda ulikuwa ukikigandamiza kidonda. Sare za shule nzima zilishonwa na mama, kwa hiyo bibi yake alimleta kwa mama apimwe gauni lisilobana. Niliwakuta nilipotoka kazini. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi ya wateja, na Swali alikuwa amesimama katikati ya chumba, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Mama alifurahi kuniona. Alinipa daftari la vipimo na penseli, kama alivyozoea kila nilipokuwa nyumbani, yeye ataje na mimi niandike.

Alitaja mabega, nikaandika. Akataja kifua, nikaandika. Alipopiga magoti kupima kiuno, futi kamba ikamgusa Swali ubavuni, naye akavuta pumzi kwa nguvu. Mama alimwomba radhi, akainua pindo la blauzi kidogo ili aone mahali pa kukwepa. Kovu lilikuwa refu na bado jekundu, limeteremka upande wa kulia wa tumbo.

"Maskini. Walikutoa nini, mjukuu wangu?"

"Kidole tumbo, bibi."

Mikono ya mama ilisimama. Alilitazama kovu lile kwa muda mrefu kuliko kipimo chochote kinavyohitaji. Kisha nikamwona akijishika tumbo lake mwenyewe, kwanza kushoto, mahali alipokishikiza kile kidole cha glovu kwa vifungo viwili, halafu kulia. Alikuwa amenipa mgongo. Sikuona uso wake, na hilo ndilo jambo pekee la siku hiyo ninaloshukuru.

"Na shuleni," aliuliza polepole, bila kugeuka, "mlifundishwa kiko wapi?"

Nilikuwa nimekamata penseli. Nilijua huu ndio wakati wenyewe. Chumba kilikuwa na watu wanne, na watatu kati yao nilikuwa nimewakosea. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo, nami nikaendelea kulitazama daftari la vipimo. Kule kwenye benchi bibi yake alianza kusema kwamba si ndiyo hapo walipopotezea muda, mtoto alikuwa na daftari lake linalosema...

"Kulia, bibi," alisema Swali. Sauti yake ilikuwa wazi, kama ya mtoto anayejibu darasani. "Mwalimu alitufundisha kulia. Mimi ndiye niliyechanganya."

Hakunitazama. Alikuwa ameinua mikono pembeni, kama alivyoagizwa, ili asimzuie fundi.

Bibi yake aliguna kwenye benchi. Alisema unaona sasa, kidogo atuzikishe mtu kwa kutosikiliza, na yote hayo mwalimu wa watu alisema vizuri. Mama aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu alipoliona kovu. Mabega yake yalishuka. Alimpigapiga Swali mgongoni kwa upole.

"Siku nyingine uwe unamsikiliza mwalimu, mjukuu wangu."

"Nitasikiliza, bibi," alisema Swali.

Mama aliirudisha futi kamba kiunoni mwa Swali, safari hii akiipitisha juu ya kovu bila kuligusa, na akasoma namba.

"Kiuno sitini na moja, tuweke sabini ili apumue," alisema. "Umeandika, Mwalimu?"

"Nimeandika," nikasema.